Mstari wa Arobaini

Kapkatet, Jumapili

Kwako kaka Kipkirui, huko Finland,

Huku tuko. Mvua imenyesha, majani chai ni mengi, na yule ng'ombe mweusi amezaa siku ileile iliyotabiriwa na programu yangu. Ndiyo, yangu.

Nilikutumia ile code ya programu uikague tu, kisha niipeleke mwenyewe kwenye mradi huria wa programu za kompyuta tunaochangia wote. Ukaipeleka kwa jina lako. Leo Mama amesimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kazi yako, na mimi nikapiga makofi na wengine. Mikono bado inaniwasha.

Ungeisoma kwanza, mwizi wewe! Unakumbuka ulivyonicheka darasani nikiandika "ng'ompe"? Ulimi wetu huchanganya p na b, na mpaka leo nikiharakisha naandika hivyo. Siku za mwizi ni arobaini. Basi fungua mstari wa arobaini wa ile code, uone.

Jana msimamizi wa mradi aliuliza mbele ya watu wote: "Kipkirui, 'ng'ompe' ni nini?"

Mjibu. Tunangoja.

Ni mimi mwenye ng'ompe,
Dorine