Fundo la Debe la Maziwa

Tarehe 4 Februari

Mume wangu mtoro,

Miaka miwili kasoro mwezi hujatia mguu mlangoni kwangu. Hata paka aliyetupwa hurudi mapema kuliko wewe. U mzima? Kama unaumwa nitakusamehe nusu. Mimi nipo, meno matatu yanafanya kazi ya thelathini. Anayeandika ni mshonaji jirani yangu, maana mimi shule niliipita kwa nje tu, na maziwa kwenye baiskeli. Nimemwambia asipunguze neno hata moja.

Shangazi yako kaniletea habari zako. Eti goti ulilovunja kazini halipandi tena huu mlima wa kwangu, kwa hiyo umeichukua baiskeli ya marehemu babu yako ukaitia mota. Nilicheka mpaka nikakohoa. Baiskeli hiyo nimeipanda miaka ishirini na sita, madebe mawili nyuma, mimba ya baba yako mbele, na mota yangu ilikuwa haya magoti mawili unayoyajua.

Betri nayo, naambiwa ni kubwa kama tofali, na umeitia kwenye mfuko ukaining'iniza kwenye usukani. Kwenye usukani. Baba yako hakuzaa mjinga, huo ujinga umeutafuta mwenyewe. Mzigo wa usukani unakuvuta shimoni kama mbuzi aliyeona majani. Itoe hapo. Iweke nyuma kwenye keria, uifunge kwa mpira wa tyubu, lile fundo la debe nililokufundisha ukiwa na miaka saba. Halijawahi kuniangusha.

Kisha niletee kitukuu wangu. Nilimwacha akitambaa, sasa naambiwa anajibu watu.

Bibi yako

*

Tarehe 15 Februari

Bibi, mke wangu mkali,

Shikamoo. Sisi wazima, goti tu ndilo linalonuna asubuhi. Mshonaji msalimie, na mpe pole kwa kazi uliyompa.

Nimefanya kama ulivyosema. Betri iko kwenye keria, nimeikaza kwa mpira, fundo la debe, mizunguko minne. Fundi redio aliyeniungia waya aliangalia akakuna kichwa. Anataka nitengeneze kizimba cha chuma katikati ya fremu, kwa bolti. Nikamwambia, "Fundo hili limebeba maziwa miaka ishirini na sita." Akasema, "Maziwa ya nani?" Nikasema ya bibi yangu. Akarudi kwenye waya zake.

Kitukuu wako nimemwekea kiti kidogo mbele yangu. Tutakuja Jumamosi, tarehe mosi Machi. Ameshaanza kukupangia maswali.

Mjukuu wako

*

Tarehe 3 Machi

Wewe mwanamume wa maneno,

Marahaba, ingawa hustahili. Jumamosi nilikaa mlangoni tangu asubuhi, nimeoga, nimejifunga khanga mpya kama bibi harusi. Wamepita wauza mkaa, wamepita bata. Jioni mshonaji akaniambia, "Labda mota imeharibika." Nikamwambia kilichoharibika ni mjukuu.

Au umemsikiliza yule fundi redio? Kizimba ni cha kuku. Mtu anayekaa kutwa anapuliza vumbi kwenye redio za watu atajua nini kuhusu mzigo? Amewahi kushuka mlima na lita arobaini zinamsukuma mgongoni? Fundo langu halihitaji bolti za mtu.

Nijibu upesi. Nikikaa kimya siku nyingi naanza kufikiri, na mimi sipendi.

Bibi yako

*

Tarehe 20 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Sasa naweza kushika kalamu.

Siku ile tulikuwa tuje kweli. Mtoto akagoma kuvaa viatu, akajitupa chini, basi nikasema nizunguke kwanza mpaka kwenye kinu cha kusaga nafaka nijaribu baiskeli, nikirudi atakuwa ametulia. Kwenye yale matuta ya barabara betri ikaanza kucheza. Kwenye tuta la tatu ikateleza ikabaki inaning'inia kwa waya, inagonga spoku. Waya zikachunika, zikagusana. Nilisikia harufu kabla ya kuona moshi. Nilianguka, nikaing'oa betri kwa mkono nikaitupa kwenye mchanga. Iliungua mpaka ganda lake likawa uji. Watu walisimama mbali wakitazama.

Kile kiti cha mbele kilikuwa kitupu, Bibi.

Kosa ni langu. Nilifunga fundo kwa haraka, halikukaza. Nimeamua kuitoa mota. Kuja huko tuache kwanza, mpaka goti lipone, kama litapona.

Mjukuu wako

*

Tarehe 29 Machi

Mume wangu,

Mkono unaendeleaje? Usiupake dawa ya meno kama wajinga wanavyofanya. Osha kwa maji safi, rudi kwa muuguzi.

Sasa nisikilize, na mshonaji aandike taratibu. Umenidanganya. Nilimtuma shangazi yako aikague baiskeli. Fundo liko pale pale kwenye keria, limekaza kama ngumi. Hukufunga vibaya. Ulifunga kama mimi. Kilichovutika ni mpira. Mpira ukipigwa jua na matuta unalegea, fundo linabaki likijisifu peke yake.

Hilo nilikuwa nalijua. Mara tatu debe langu lilianguka njiani, kila mara nikamwambia babu yako ng'ombe kanisukuma. Ng'ombe hakuwepo. Maziwa yakimwagika mbwa wanashukuru, kesho unakamua tena. Kukutuma ufunge moto kwa fundo la maziwa, na mtoto mbele, huo ni upumbavu wangu, bibi kizee mwenye mdomo mrefu. Mshonaji ameuliza kama kweli aandike "upumbavu." Aandike.

Mota usiitoe. Rudi kwa fundi redio, umwambie, "Bibi kasema ulikuwa sahihi." Mwambie mara moja tu, asije akavimba. Shangazi yako amemhoji, nami nimeelewa: betri ikae katikati ya fremu, chini, kati ya magoti, ndani ya kile kizimba chake. Kizimba kishikwe kwenye fremu kwa vibano na bolti, nati zile zisizojifungua zenyewe. Fremu isitobolewe, chuma kikitobolewa kinavunjika siku usiyoitaka. Mpira utie ndani, kati ya chuma na betri. Mpira ni godoro la betri, si kamba yake. Waya zipite mbali na spoku, zilegee kidogo pale usukani unapogeuka, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Na betri mpya utakayoitafuta badala ya ile iliyoungua, usiikubali kama ganda lina ufa.

Siku ya kuja, usipande mlima. Simama kule chini kwenye mawe, nitakuwa nimeshuka. Nitaishika hiyo betri kwa mikono miwili niitikise kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Ikicheza hata upana wa ukucha, baiskeli italala hapo hapo, wewe utachechemea mpaka juu, na kitukuu nitambeba mimi.

Mlete bila viatu.

Bibi yako