Majina Yaliyofutwa na Mtaalamu

Ujiji, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu umepoa? Na Kaka Hamisi ameshaziba paa la jikoni au bado anatafuta ngazi? Mimi sijambo, samaki wa ziwani, hii migebuka, naila mpaka naona aibu. Ila nimejaa dharau, Mama, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unajua kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta majina na picha za watoto wakimbizi waliopotezana na wazazi. Ofisi ikaleta mtaalamu kutoka Dar, bwana wa tai na manukato, atufungie diski kubwa, yaani ghala la kompyuta. Nikamwambia, "Kaka, programu yetu ya zamani haiwezi kuhesabu ghala kubwa hivi." Akacheka. "Dada, wewe chapa majina, mitambo niachie mimi." Kisha akafuta nakala zetu za zamani, eti zinajaza nafasi!

Tukachapa miezi. Diski ilipovuka kiasi ambacho programu inaweza kuhesabu, ikarudi mwanzo na kuandika juu ya majina ya kwanza. Tulipofungua, takataka tupu. Bwana yule akamwambia mkuu wetu ni virusi, vimetoka kwenye disketi yangu! Nikaenda kuichukua karatasi iliyokuja na diski, ambayo hakuisoma. Onyo kuhusu programu za zamani limeandikwa wazi. Mkuu akaisoma mara mbili, akamwamuru bwana yule aje nasi kambini kuandika majina upya.

Njiani, tangu tulipopita Kidahwe, bwana analalamikia vumbi. Kambini wa kwanza alikuwa Esperansi, mama wa Kirundi.

"Jina la mtoto?"

"Nilishawapa."

"Limepotea, mama."

Esperansi akamtazama. "Umwana wanje, mwanangu, alipotea vitani. Na kwako tena amepotea?"

Bwana akainamia karatasi, hakuthubutu kuinua uso. Kesho yake akapanda treni, na nasikia huko Dar wamempandisha cheo.

Majina mengi tumeyapata tena, na mtoto wa Esperansi ameonekana. Lakini yupo binti, Nadia, ambaye mama yake alisharudi ng'ambo ya mpaka kabla hatujawakutanisha. Kijiji alikorudi, alichotutajia, kilikuwa kwenye diski tu. Mimi ndiye niliyekichapa. Kila nikienda, Nadia ananishika mkono: "Dada, umekikumbuka?"

Sijakikumbuka, Mama.

Nisalimie Bibi, na shangazi mshonaji, na mwalimu wangu wa hesabu. Mniombee.

Mwanao,
Mwanaidi