Riwaya ya Mji wa Nyaya

Mpendwa Wanjiku,

Hapa Subukia ng'ombe amezaa, ila tangu tumzike babu yako nyumba imekuwa kimya. Umeuliza kama riwaya unazosoma, za watu waliounganishwa wote na mitambo, zinatutisha bure.

Miaka ya hamsini babu yako, karani wa telegramu Nakuru, alinisomea moja ya aina hiyo: mji unaojua habari za kila mtu, na hakuna anayebisha mlango wa mwenzake.

"Huko ungekuwa bosi," nikamtania.

Wiki hiyo ikaja telegramu: mwana wa jirani yetu amefariki. Babu yako aliipeleka mwenyewe, akaketi na yule mama hadi jioni.

"Waya ulimaliza kazi yake," aliniambia. "Yangu ilikuwa bado."

Pole zako za simu nilizipata, mjukuu wangu. Kiti cha babu yako kiko wazi. Njoo tuketi.

Nyanya yako