Baba, Nimeipima Ile Antena Fupi

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika hivyo hivyo, ingawa najua safari hii hakuna wa kuniitikia.

Tangu tukuzike Usagara nimekuwa mtu wa kushuku. Nilimshuku daktari, nikamshuku yule mwenye duka wa mjini, na zaidi ya wote, nisamehe, nilimshuku rafiki yako Zakayo. Ndiyo maana ninakuandikia.

Wiki ya pili baada ya matanga, baba mdogo Zakayo alikuja nyumbani. Hakukaa, hata chai aliikataa. Alitaka ile ndege yako ndogo, ile uliyoachiwa na mhandisi wa barabara alipokuwa anarudi kwao, pamoja na rimoti yake ya kuirushia. "Niachie mimi nikutunzie, Kabula," alisema. "Na hiyo antena ya rimoti usiiguse." Baba, mtu uliyekaa naye meza moja miaka yote kule Igoma mkitengeneza redio, siku ile hakuweza kunitazama usoni. Anaficha nini huyu? Nikamwambia nitafikiria. Alipotoka nikafunga mlango kwa ufunguo.

Unakumbuka, antena hiyo niliinunua mimi. Ile ndefu ya kuvuta ilimkosakosa jicho mtoto wa jirani pale Buhongwa, ulipogeuka ghafla kuifuata ndege, nami sikupata amani tena. Na siku hizi biashara ni ruksa, maduka ya mjini yamejaa vitu vya Dubai. Mwenye duka akaniapia kuwa kile kipande cha mpira, kifupi kama kidole changu, kinafika mbali sawasawa na ile ndefu. Ulikipokea kwa mikono miwili. "Sasa na mimi ni mtu wa kisasa," ukasema, ukacheka mpaka ukakohoa.

Kisha ikaja ile Jumapili ya upepo. Ndege ikapita juu ya ng'ombe wa watu, ikazidi kwenda, ikaacha kukusikia, ikaangukia kwenye mawe. Nilikuona unasukuma vishikizo vya rimoti, unasukuma tu, na ndege iko chini tayari. "Mikono imezeeka, mwanangu," uliniambia. Hukurusha tena. Uliunga bawa, ukalipaka rangi vizuri, lakini kiwanjani hukurudi mpaka moyo ulipokusimama.

Sasa, baada ya Zakayo kuondoka, nilifungua sanduku lako la vifaa. Chini kabisa nikaikuta ile antena ndefu, nzima, imepakwa mafuta na kuviringishwa kwenye kitambaa. Nani kaificha? Na kwa nini nimekatazwa kuigusa ile fupi?

Nikamchukua mume wangu Masanja, tukaenda Buhongwa. Tuliiweka ndege chini bila kuwasha injini. Masanja akachuchumaa kando yake, mimi nikaanza kurudi nyuma na rimoti huku nikisukuma vishikizo. Kwa ile fupi, hata mtaro sijaufikia, usukani wa mkia ukaanza kutetemeka wenyewe, kisha ukakataa kabisa. Nikafunga ile ndefu, nikaivuta yote. Nikaufikia mtaro, nikauvuka, nikafika mpaka barabara ya Shinyanga, na Masanja bado ananipungia kofia: unageuka, unageuka!

Nilikaa chini palepale kando ya barabara. Haikuwa mikono yako, Baba. Haikuwa mikono yako hata kidogo.

Nikaenda moja kwa moja Igoma. Sikumsalimia Zakayo, aibu hiyo ninayo mpaka leo. "Ulijua!" nikamwambia mbele ya wateja. "Ulijua antena haifai, ukamwacha arushe!"

Akaiweka chini redio aliyokuwa anaifungua. "Nilijua," akasema. "Lakini baba yako alijua kabla yangu. Aliipima siku ileile uliyomletea. Nikamwambia arudishe ile ndefu. Akasema, 'Nitarusha karibu karibu tu. Kabula kaileta kwa moyo, asije akajua.' Ndege ilipoanguka akanitaka niape kuwa sitakuambia."

Kumbe ndicho alichokuja kukichukua kwangu: siri yako, kabla sijaigundua.

Nililia, kisha nikakukasirikia. Ungeirudisha ile ndefu, ningeuliza. Kwa hiyo ukaona bora uache kurusha kabisa. Kitu ulichokipenda vile! Ungeniambia tu, Baba. Ningenuna siku moja, basi.

Nimemwomba baba mdogo msamaha. Akauliza kama nina nafasi Jumapili. Ataanza kunifundisha kurusha, na watoto wa jirani nitawasimamisha mbali nyuma yangu. Nakuahidi jambo moja: wanangu wakiniletea zawadi isiyofaa, nitawakumbatia, kisha nitawaambia ukweli.

Pumzika, Baba. Mikono yako ilikuwa mizima.

Mwanao,
Kabula