Breki za Pijo Iliyopinduka

Rangwe, 9 Agosti 1966

Mke wangu Bhoke,

Natumaini wazazi wako huko Ntimaru ni wazima. Hapa kuku wako mweusi ametotoa vifaranga saba, dada yangu Rispa anawalinda na mwewe.

Gari letu nimelitengeneza upya. Mwenye ile Pijo iliyopinduka darajani aliniruhusu nifungue ninachotaka, nikachukua springi zake na madramu makubwa ya breki. Siku kumi na moja nilikata kwa tupa mpaka yakaingia. Jana nililipakia mawe, nikateremka kilima cha sokoni kwa kasi, nikakanyaga. Likasimama kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Nikashuka, nikaketi barabarani, nikalia. Ni kilima kile kile tulichompotezea mwanetu Elkanah.

Bhoke, nilimwapia baba yako kwamba breki zilikuwa kuukuu. Nilidanganya. Asubuhi ile mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha, mtoto anaungua na homa, na duka liko Homa Bay. Nikamimina mafuta yako ya pamba ya kupikia. Yakaharibu mipira yote ya breki, zikakataa pale kilimani. Siku ya matanga uliitafuta chupa uwapikie wageni, nikasema sijaiona.

Jumamosi nitakuja kukuchukua. Ukikataa kupanda, sitabisha. Chupa bado iko chini ya kiti changu, nimeshindwa kuitupa.

Ni mimi, Nicanor