Kerekere ya Giga Mia Nne

Jumatatu, 7 Novemba

Diski ya video imejaa. Asilimia tisini na tisa! Nilisema mwezi wa sita, nikasema tena wa nane, nikabandika na karatasi mlangoni — mtu akaibandua, akaandika nyuma yake zamu za kuosha vikombe.

Asubuhi Inoke wa idara ya video kaja mezani kwangu na sulu mpya kiunoni, ile shuka ya heshima, imepigwa pasi. Nikajua ana shida. Kijiji chao na chetu ni watani tangu enzi za mababu: akitaka changu anachukua, nikitaka chake nachukua, na kununa ni mwiko. Ila kwa miaka tisa tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki nimechukua nini chake, labda mafua.

Anataka nafasi, giga mia nne. Ijumaa kituo chetu cha kumbukumbu kinatimiza miaka thelathini, wageni wanatoka wizarani, na filamu ya Mkurugenzi haina pa kukaa. Nikamwambia afute vya zamani. Mle ndani kuna “Hotuba ya Mwisho”, “Hotuba ya Mwisho Kabisa”, na “Hotuba ya Mwisho Kabisa 6”. Akanitazama kana kwamba nimemtuma akafukue kaburi la babu yake. Hotuba ya mkubwa haifutwi, kasema, akaondoka na kalamu yangu.

Jumanne, 8 Novemba

Mtani hakulala. Amegundua kuwa kwenye seva ileile, jirani na video zake, kuna sehemu ya sauti: giga elfu moja mia sita, zimetumika mia tisa tu. Sehemu hiyo ni ya Shangazi Makereta. Basi kamwendea na fungu la mizizi ya yaqona, ile tunayotwanga na kunywa vikaoni, kaketi mkekani, kapiga makofi inavyotakiwa, kisha kasema neno lenyewe: kerekere. Ukiombwa kwa neno hilo hukatai. Ukikataa unauaibisha ukoo mzima, na wa mama yako juu.

Shangazi kasema chukueni. Hajui giga ni kitu gani, ila kunyimana anakujua. Mwenyewe — miaka ishirini na moja namwona hapa — sijamsikia akimwomba mtu hata kibiriti.

Sauti zenyewe ni za wazee mia sita. Shangazi aliwarekodi kisiwa kwa kisiwa: nyimbo, mipaka ya mashamba, majina ya samaki, matusi ya zamani. Zaidi ya nusu wameshazikwa. Kanda ziliingia ukungu baada ya kimbunga kimoja, tukazitupa. Kilichobaki ni hiki kilichomo kwenye seva, na nakala moja kwenye diski nyeusi kabatini kwangu.

Kazi yenyewe inawezekana. Ni kama nyumba na kiwanja. Ukitaka kupunguza, unaanza na nyumba — yaani mfumo wa faili — ndipo unasogeza ua wa kiwanja. Ukitaka kuongeza, kiwanja kwanza, nyumba baadaye. Ukikosea mpangilio, ua unapita katikati ya kitanda, na aliyelala humo hasemi tena.

Inoke kamwahidi Shangazi kwamba sherehe ikiisha atamrudishia. Nikamwambia hilo halipo: mfumo wa faili wa upande wake ni ile aina inayokua tu, kupungua haijui. Kasema basi mfumo huo umerithi tumbo la Mkurugenzi.

Jumatano, 9 Novemba

Kamati ya Mabadiliko. Watu sita, bakuli tatu za yaqona, fomu moja. Tumekaa saa mbili na nusu nzima! Ulimi ulikufa ganzi kabla hatujafika kipengele cha pili, “Je, mabadiliko haya yataathiri mazingira?” Wakajadili mazingira.

Kipengele cha nne ndicho changu. Niliandika -400G. Kile kistari ndicho chenye maana yote: kikiwepo, mashine inapunguza KWA mia nne, zinabaki elfu moja mia mbili, wazee wanakaa kwa raha. Kisipokuwepo, inapunguza HADI mia nne. Wazee wana giga mia tisa. Watakaa wapi?

Fomu imerudi saa nane ina mihuri miwili. Kistari hakipo. Katibu, Bwana Shalendra, kakifuta kwa ile karatasi nyeupe ya kufutia, kwa uangalifu, hata alama huioni. Nikamwendea. Kanieleza kwa upole kwamba fomu za serikali haziandikwi na vistari vinavyoning'inia, alidhani kalamu iliteleza. Nikamwambia basi akirudishe. Fomu iliyopigwa muhuri hairekebishwi, kasema. Kikao kijacho tarehe ishirini na tatu.

Nikajituliza: sitagusa kitu bila nakala. Nikaitoa diski nyeusi kabatini, nikaichomeka.

Raga. Fainali za shule, mechi arobaini na moja. Na harusi ya binamu yake Inoke.

Nikakumbuka yote papo hapo. Mwezi wa nane, nina haraka, mtani kaja: kerekere hiyo nyeusi, ya siku moja. Nikasema chukua, hata sikugeuka kumtazama. Alirudisha pamoja na samaki wa tui la nazi. Nilimla. Nikalamba na vidole!

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimekaa chooni robo saa.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimemwambia Inoke. Alicheka, kisha akaacha. Alidhani diski ilikuwa tupu. Haikuwa tupu, mtani, ilikuwa na watu mia sita. Akaomba msamaha, kisha akauliza kama mechi nimezifuta.

Nimemwambia Mkurugenzi: nipe wiki moja tu, tupate diski mpya, ninakili sauti zote kwanza. Kasema wageni ni kesho, si wiki ijayo. Nikamweleza habari ya kistari. Kasikiliza kwa makini sana, kisha kauliza mimi ni nani hata niijue fomu kuliko watu sita walioipitisha.

Mlangoni kwa Shangazi nimepita mara tatu. Mara ya tatu kaniita, kanipa muhogo. Nikamweleza kila kitu: kistari, diski nyeusi, raga, samaki.

Akauliza, “Wote?”

Wote, Shangazi.

Akamenya muhogo mwingine. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Mwisho akauliza nani atakayebonyeza, na saa ngapi. Nikamwambia ni mimi, saa tatu kasorobo.

Ijumaa, 11 Novemba

Chumba cha seva. Saa tatu kasorobo. Mkurugenzi na shada la maua shingoni, tayari kwa wageni. Katibu na fomu. Inoke na filamu mfukoni. Mimi nina daftari hili — nimewaambia naandika kumbukumbu za kazi.

Nimefuata mpangilio sahihi. Nimeitoa sehemu ya sauti kwenye matumizi, nimeikagua, ni nzima. Kisha nikaiagiza mashine ipunguze nyumba hadi mia nne, kama fomu ilivyosema. Nilijua itajibu nini. Imejibu: haiwezekani, vilivyomo havitatosha. Ningeibusu! Katika jengo zima hili, ndiyo peke yake inayojua kukataa.

Mkurugenzi kauliza kama hakuna njia nyingine. Katibu kapitisha kidole kwenye fomu, kasema kipengele cha nne kinataja sehemu tu, habari ya mfumo wa faili haimo. Kwa hiyo hatua hiyo niliyokwamia haijaidhinishwa. Turuke twende kwenye kiwanja moja kwa moja.

Nikasema sifanyi. Inoke kanipitishia mkono begani, kaandika mwenyewe, herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi. Hana ubaya — anaamini mihuri. Mashine ikaonya kwamba data inaweza kuharibika, ikauliza: kweli unataka kupunguza? Ndiyo au hapana. Nikachomoa waya wa kibodi. Nimeipakata mapajani, chini ya daftari.

Swali bado liko kwenye kioo, linapepesa.

Mkurugenzi kashusha sauti, kaitumia ile sauti ya nyumbani, si ya ofisini.

“Emosi, mdogo wangu. Kerekere. Hiyo kibodi.”

Mbele ya watu! Na baba yangu na baba yake wanasali kanisa moja. Mikono yangu imeanza kuinuka yenyewe, naapa, kabla sijafikiri lolote. Nimeshika kalamu ili iwe na kazi nyingine.

Mlango umefunguliwa. Shangazi Makereta. Kavaa nguo ya kanisani, ana fungu la yaqona, kubwa kuliko lile aliloletewa yeye. Hajanitazama. Kapita kati ya Katibu na Inoke, kaketi chini, sakafuni, kwenye nyaya. Kaliweka fungu miguuni pa Mkurugenzi. Kapiga makofi matatu, ya viganja vilivyokunjwa, taratibu.

“Mkurugenzi,” kasema. “Kerekere.”

Hajasema anaomba nini, ila sote tunajua ni wazee wake. Inoke ameinama, Katibu amevua miwani. Mkurugenzi anautazama mlango, lakini Shangazi ameketi njiani.