Ugonjwa Wangu mu Grupe ya Maombi

Walikale, tarehe 11 juni 2024

Mupendwa kaka Gustave,

Salamu nyingi zikufikie huko Bunia, weye na wifi Naomie. Ile mugongo yako inaendelea aje? Na mutoto wenu Merdi, anasoma muzuri? Huku tuko wazima, mvua tu njo inatusumbua, magari yanalala mu matope.

Kaka, nimeshinda! Acha nikueleze polepole.

Unamujua mama Joséphine-Marie, kiongozi wa grupe yetu ya maombi mu parokia. Alikuja kwa resto yangu ya chakula kuchukua nyimbo mu telefone yangu. Nilikuwa mbele ya sufuria, nikamupa tu, haikuwa na kode ya kuifunga. Kumbe mu picha zangu mulikuwa karatasi ya labo, majibu ya damu yangu. Akaitupa mu WhatsApp ya grupe, na jina langu juu yake: tumuombee dada Kasoki. Soko lote likajua!

Waliomba kabisa, siwezi kukatala. Lakini hakuna hata mumoja aliyerudi kula. Mboga ya sombe ilikuwa inalala mu sufuria, bugali inakauka, nikafikiria kufunga mulango. Na ugonjwa wenyewe haupiti mu chakula, muganga alinielezea. Nililia, kaka, kisha hasira ikashinda machozi.

Siku ya mukutano nikasimama, Padiri naye akiwako. Nikasema: "Bamama, mi sina maneno mingi. Kila muntu afungue telefone yake, apatie jirani wake, asome yote."

Aka! Mikoba ikafungwa, mama mumoja akaikalia yake. Na Padiri, Mungu anihurumie, akaingiza mukono mu mufuko wa kanzu na kuuacha humo. Nikawaambia: "Munaona? Na mimi njo vile."

Mama Joséphine-Marie akalia mbele ya wote. Akasema alizani maombi bila jina hayafiki. Padiri akamujibu kwamba Mungu anajua watu wake bila picha. Nikamusamehe, si muntu mubaya. Wakafuta picha pale pale, na sasa hakuna kutaja mugonjwa mu grupe kama mwenyewe hajakubali. Nami nimeweka kode.

Kesho yake mama huyo mwenyewe akaja wa kwanza, akakaa karibu na mulango, akakula bugali na sombe watu wote wakimuona. Akaongeza hata sahani ya pili! Sasa resto inajaa mupaka wengine wanakula wakisimama. Nimeanza kupika na samaki. Furaha niliyo nayo, kaka, inafurika mu kifua.

Mama anakusalimia, na kaka Akilimali pia. Bwana awalinde nyumba nzima na awape nguvu ya kazi.

Najua utauliza ni ugonjwa gani. Kaka, nakupenda sana, lakini hiyo ni yangu. Siku utakuja, kama nitataka, nitakuambia kwa kinywa changu.

Ni mimi dada yako mwenye kukupenda siku zote,

Kasoki